Jina la Malenga Limeenda Wapi? Historia Fupi ya Nyenzo za Kufundishia Mtandaoni

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu shairi nililolitoa katika mkusanyo wa karatasi za majaribio ambao walimu tulikuwa tukitumiana kwa tarakilishi. Tulipofikia swali la arudhi, niliaibika. Mshororo mmoja wa ubeti wa nne ulikuwa na mizani saba katika ukwapi, ilhali mingine yote ilikuwa na minane. Msichana mmoja akauliza: je, huu ni uhuru wa kishairi au ni kosa la mpiga chapa? Sikuwa na jibu. Shairi halikuwa na jina la mtunzi wala la diwani lilimotoka.

Utashangaa kwamba wahenga wetu walilishughulikia tatizo hili kabla ya umeme kufika pwani. Watunzi wa tenzi aghalabu walijitaja katika beti za mwisho na kuweka tarehe, ndiposa tunaweza kuihusisha hati ya Utendi wa Tambuka na Mwengo wa Athumani na mwaka wa 1728. Tazama pia mashairi ya Muyaka. Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kwa ajili ya mmishenari William Taylor, naye hakuishia kunakili tu. Alieleza pia mambo yaliyoyazaa. Diwani ilipochapishwa Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja hivi baada ya Muyaka kufariki, kazi hiyo ndiyo iliyoifaa. Leo hati za Taylor zimehifadhiwa London, na orodha yake inasomeka mtandaoni. Shairi lisilo na maelezo ya namna hiyo ni kama mzigo bandarini usio na anwani.

Wataalamu wa tarakilishi walilifikia wazo hilohilo kwa njia yao. Mnamo 1995 walikutana katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani, na kutokana na mkutano huo vikapatikana vipengele 15 vya kutambulisha kitu chochote mtandaoni: kichwa, mtunzi, tarehe, lugha, haki na kadhalika. Mwaka 2002 kikaidhinishwa kiwango mahususi cha nyenzo za kufundishia, kikiongeza mambo kama kiwango cha mwanafunzi na ugumu wa somo. Siku hizo ilisemwa kwamba vipande vya masomo vingeunganishwa kama matofali ya mtoto ya kuchezea. David Wiley alilipinga hilo. Alisema vinafanana zaidi na atomi, ambazo haziungani ovyo. Isitoshe, alionyesha kinaya kimoja: kipande kikifungamana sana na muktadha wake hufunza vizuri, lakini ni vigumu kukitumia kwingineko.

Sisi tunakijua kinaya hicho vyema. Kidagaa Kimemwozea kilipoipisha Chozi la Heri kwa watahiniwa wa 2018, maelezo mangapi yalitupwa? Dondoo na sifa za wahusika zilikwenda zote. Zoezi la kutofautisha kinaya na kejeli, lililoandikwa bila kufungwa kwenye riwaya yoyote, lilibaki na bado linatumika. Nadhani tungegawa kazi zetu hivyo tangu mwanzo: la kudumu kando, la msimu kando.

Suala la haki nalo lilikuwa na mwendo wake. Chuo cha MIT kilitangaza mwaka 2001 kwamba kingeweka masomo yake mtandaoni bila malipo. Mwaka uliofuata, katika kikao cha UNESCO jijini Paris, likazuka jina la pamoja la nyenzo huria za elimu, na Desemba iyo hiyo leseni za Creative Commons zikatolewa. Leseni hizo humruhusu mtu kunakili, na nyingi kati yake kurekebisha pia, lakini zile zilizozoeleka humdai amtaje mwenye kazi. Afrika haikuachwa nyuma: mradi wa TESSA ulioanza 2005 umetoa nyenzo za walimu kwa Kiswahili pia. Wengi wetu huchanganya mambo hapa. Kitu kikipatikana bure hakiwi huria kwa sababu hiyo. Riwaya teule iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kusambazwa ni wizi, hata kama msambazaji ni mwalimu mwenye nia njema.

Basi nililifungulia shairi lile faili jipya. Penye mtunzi niliandika "hajajulikana". Penye chanzo, muhula na mwaka nilioupata. Penye maoni, mshororo uliopungukiwa na mizani. Miezi kadhaa baadaye mwalimu wa shule jirani alinipa nakala yake ya shairi hilohilo, naye pia hakuwa na jina. Katika yake, mshororo ulikuwa na mizani minane kamili: neno "na" lilikuwa limeanguka katika yangu.