Nyuma ya Mlango Kulikuwa na Mtu

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, hapa kambini, mshambuliaji wa timu ya zoni yetu alimpiga mama mmoja kwa chupa mpaka akashonwa kichwani. Sungusungu wakamkamata. Fainali ilikuwa imebaki siku tatu. Basi vijana wakaandika barua kwa viongozi: aachiwe kwanza, mambo yatazungumzwa kienyeji baada ya mechi. Karatasi ikapita nyumba kwa nyumba. Ilipofika kwangu nikasoma, nikasaini. Kijana akaachiwa, akacheza, akafunga goli, tukambeba mabegani. Yale mazungumzo ya baada ya mechi hayajafanyika hadi leo.

Barua ile niliisahau mpaka Januari 2024, redio ilipotangaza kwamba Oscar Pistorius ametoka gerezani huko Afrika Kusini. Pale bombani ubishi ukaanza. Mmoja akasema amekaa kidogo mno. Mwingine akasema, aa, imetosha, mtu mwenyewe hana miguu! Wa tatu akauliza: na kama angekuwa maskini asiyejulikana, angefungwa miaka mingapi? Swali hilo ndilo limenikalisha chini niandike.

Wenye umri mdogo niwakumbushe. Pistorius alizaliwa 1986, na kabla hajatimiza mwaka mmoja madaktari walimkata miguu yote miwili chini ya magoti. Akakua akikimbia kwa miguu ya bandia iliyotengenezwa kwa kaboni. Katika Olimpiki ya London 2012 alikimbia mita 400 pamoja na watu wenye miguu yao kamili, wa kwanza wa aina yake katika riadha ya Olimpiki. Sisi tunaoishi na ndugu waliopoteza miguu vitani tunaelewa kwa nini dunia ilimpenda.

Usiku wa kuamkia 14 Februari 2013, nyumbani kwake Pretoria, alifyatua risasi nne kupitia mlango wa choo uliofungwa. Ndani alikuwemo mchumba wake, Reeva Steenkamp, miaka 29, mwanamitindo aliyekuwa amesomea sheria. Akafa. Pistorius alisema alidhani ni mwizi ameingia.

Sasa angalia hukumu zilivyopanda. Septemba 2014 Jaji Thokozile Masipa alimkuta na kosa la kuua bila kukusudia, na mwezi uliofuata akampa miaka 5. Baada ya mwaka mmoja hivi alitolewa gerezani akamalizie kifungo nyumbani kwa ami yake. Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Desemba 2015 Mahakama Kuu ya Rufaa, kule Bloemfontein, ikasema hapana, haya ni mauaji. Kesi ikarudi kwa Jaji Masipa apange adhabu upya. Sheria yao inataka miaka 15 kwa kosa hilo, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kupunguza. Jaji aliona sababu hizo zipo, akatoa miaka 6. Rufaa tena. Novemba 2017 mahakama ya juu ikasema adhabu hiyo ni ndogo mno, inalifanya kosa zito lionekane jepesi. Ikaweka miaka 15, ikatoa muda aliokwisha kutumikia, ikabaki miaka 13 na miezi 5.

Miaka 5, halafu 6, halafu 15. Risasi zilikuwa zile zile nne, na mlango ule ule. Kilichobadilika ni nini?

Simsingizii Jaji Masipa kwamba alipendelea. Alitoa sababu zake hadharani: majuto ya mshtakiwa, ulemavu wake, hali yake ya usiku ule. Mahakama nzima ilimwona akilia na kutapika. Mwaka 2016 wakili wake alimwomba avue miguu ya bandia, akatembea mbele ya watu kwa vigutu. Nani hatamwonea huruma? Lakini majaji wa rufaa walirudi kwenye mlango. Walisema haijalishi alidhani ni nani aliyekuwa nyuma yake. Alijua kuna mtu ndani ya kichumba kidogo, alijua risasi zinaweza kumuua, na bado alifyatua. Hata angekuwa mwizi, yule pia alikuwa mtu.

Hapo ndipo nilipopata jibu la yule wa tatu bombani. Adhabu ya haki kwa mchezaji maarufu ni ile ambayo angepewa mtu asiyejulikana kwa kitendo kile kile. Isipungue kwa sababu ya medali. Na isizidi kwa sababu dunia nzima inatazama televisheni na inataka kumkomesha mtu mkubwa. Kitendo kipimwe kwa aliyeumia. Umaarufu usiingie kwenye mzani.

Kuna jambo la pili, nalo ni heshima baada ya kosa. Carlos Monzón wa Argentina alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi uzani wa kati kuanzia 1970 hadi alipostaafu 1977. Tarehe 14 Februari 1988, siku kama ile ya Pistorius, Alicia Muñiz, mama wa mtoto wake, alikufa mikononi mwake mjini Mar del Plata. Monzón alifungwa miaka 11. Januari 1995, akiwa amepewa ruhusa ya kutoka mwisho wa wiki, alikufa kwa ajali ya gari akirudi gerezani. Maelfu ya watu walimzika kama bingwa, na sanamu yake ikasimamishwa mjini Santa Fe. Mike Tyson naye alihukumiwa 1992 kwa kumbaka msichana wa miaka 18, kosa ambalo amelikana siku zote. Alitumikia miaka mitatu hivi, akatoka Machi 1995, na Machi 1996 alikuwa tena na mkanda wa dunia.

Mtu akimaliza kifungo, mimi nasema aachwe aishi, afanye kazi, ale. Kumfunga mara ya pili kwa midomo yetu si haki. Pistorius alikaa ndani takriban miaka minane na nusu, akaachiwa kwa masharti hadi Desemba 2029: asinywe pombe, apate ushauri wa kudhibiti hasira, asihojiwe na vyombo vya habari. Mama yake Reeva alisema wao waliobaki ndio wanaotumikia kifungo cha maisha. Kwa hiyo kurudi kwenye jamii ni haki ya aliyemaliza adhabu, lakini jezi, unahodha na kubebwa mabegani ni heshima, na heshima haidaiwi.

Wengi wetu tumekimbia sehemu ambako aliyeua sana alipewa cheo badala ya kesi. Tunalijua jambo hili kwa miili yetu. Halafu tunafika hapa, tunalirudia kwa udogo kwa ajili ya kombe la plastiki.

Kwa hiyo naiomba kamati ya ligi, pamoja nanyi wafanyakazi wa mashirika mnaotuletea mipira na jezi, tuandike kanuni kabla msimu haujaanza. Mchezaji anayeshtakiwa kwa kujeruhi, kubaka au kuua akae pembeni mpaka kesi iishe. Akionekana hana kosa, arudi na nafasi yake. Barua za kumwombea zisipokelewe. Na kabla ya lolote kusuluhishwa, aliyeumizwa aulizwe kwanza, akiwa peke yake, pasipo wazee kumzunguka.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa yule mama kumweleza kwamba na mimi nilisaini. Alikuwa anachambua maharage ya mgao. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Ticha, kwenye hiyo barua waliandika jina langu?"

Nikamjibu ukweli. Hapana, mama. Halikuwemo.