FIMBO YA KUMRUDI MKE ILITOKA WAPI?



Wako wanaume wanaosema, "Mimi ni kichwa cha nyumba, kwa hivyo nina haki ya kumrudi mke wangu." Ndugu, haki hiyo ulipewa na nani?

Mwaka 1765 mwanasheria Mwingereza William Blackstone alianza kuchapisha maelezo yake ya sheria za Uingereza. Alieleza kwamba sheria ya zamani ilimruhusu mume kumrudi mkewe kwa kiasi, kama anavyomrudi mtoto au kijana anayejifunza kazi kwake. Sababu? Mume ndiye aliyewajibika kwa makosa ya mke.

Wazo hilo likavuka bahari. Mwaka 1824 mahakama ya juu ya Mississippi, Marekani, ililikubali. Mwaka 1868, kule North Carolina, mwanamume aliyempiga mkewe viboko vitatu bila kuchokozwa hakuadhibiwa. Majaji walisema mume hana haki ya kupiga, ila hawataki kuingilia mambo ya nyumbani. Neno hilo bado linasikika makanisani: "Rudi nyumbani mama, uombe, uvumilie." Ni mwaka 1871 ndipo mahakama ya Alabama ilipoikataa haki hiyo waziwazi.

Lakini usidhani kwamba watu wa Mungu wote walikuwa wamelala. Katika karne ya 4, mhubiri Yohane Krisostomo aliwafundisha waume kwamba hakuna kosa la mke linalohalalisha kipigo, na kwamba aibu ni ya anayepiga. Mwaka 1641 Wapuriti wa Massachusetts waliandika sheria ya kumkinga mke asipigwe na mumewe, isipokuwa mume anajikinga mke anapomshambulia. Hiyo ni miaka zaidi ya 120 kabla ya kitabu cha Blackstone!

Sasa fungua Biblia. Mithali inataja fimbo kwa mtoto na kwa mgongo wa mpumbavu. Nionyeshe mstari mmoja unaompa mume fimbo ya mke. Haupo. Sheria ya wanadamu ilimweka mke katika safu ya watoto na vijana wa kazi. Petro anamweka kando ya mumewe, mrithi pamoja naye wa neema ya uzima, na anaonya kwamba asiyemheshimu mkewe maombi yake yatazuiliwa (1 Petro 3:7). Na Kristo, aliye kichwa cha kanisa, hakulipiga kanisa. Alipigwa Yeye kwa ajili yake (Waefeso 5:25).

Ndugu, kama unafunga na kuomba na mbingu ziko kimya, angalia mkono wako kwanza.

Dada, kama unapigwa, kusema si kumkosea Mungu. Kenya ina sheria ya mwaka 2015 ya kukukinga na dhuluma za nyumbani. Piga simu 1195, ni bure. Mwambie mtu leo.

Mzee wa kanisa, mama huyo akija kwako, usimrudishe kwenye kipigo.

Bwana aziponye nyumba zetu. Andika AMINA, kisha umtumie mwanamume mmoja ujumbe huu.