Anayekataliwa na Wenzake: Mtoto Mwenye ADHD na Watu Wanaomzunguka Nyamirambo

Mtoto wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, hulelewa na watu wengi. Asubuhi yuko shuleni, alasiri yuko madrasa, na jioni anacheza mpira wa mchangani au amekaa kibarazani kwa fundi cherehani anayewafahamu wazazi wake tangu ujana wao. Katika vichochoro vya Biryogo, mtaani humo, kosa lake halikai siri hadi magharibi. Watoto wengi wananufaika na ukaribu huu, kwa sababu kila mtu mzima aliye karibu ni mlinzi wao. Kwa mtoto mwenye ADHD ukaribu huohuo unaweza kumgandisha mapema katika sifa moja: mtukutu, mkorofi, hasikii. Nadai katika makala haya kwamba sifa hiyo, pamoja na kukataliwa na wenzake kunakoifuata, humuumiza kijana kuliko hata kule kushindwa kutulia. Nadai pia kwamba utafiti utakaoifaa Kigali ni ule utakaowachunguza wanaomzunguka kwa makini kama unavyomchunguza yeye.

Kwanza tuondoe shaka kuhusu hali yenyewe. Dalili za ADHD huanza kabla ya umri wa miaka 12: akili inayohamahama, mwili usiotulia, na kutenda kabla ya kufikiri. Uchambuzi wa Polanczyk na wenzake wa mwaka 2007 uliiona kwa takriban asilimia 5.3 ya watoto na vijana duniani, na uchambuzi wa tafiti za Afrika wa mwaka 2020 ukapata asilimia 7.5 hivi. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba karibu robo tatu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika dalili hizi inatokana na urithi. Kwa hiyo mama anayeambiwa msikitini au sokoni kwamba ameshindwa kulea anabebeshwa lawama isiyo yake.

Hisia zimekuwa zikiingizwa na kutolewa katika maelezo ya hali hii. Daktari George Still alipotoa mihadhara yake London mwaka 1902 kuhusu watoto walioshindwa kujizuia, wepesi wa kupandwa na hasira ulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyataja. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika toleo la mwaka 1980, uliweka umakini mbele na kuzisukuma hisia pembeni kama jambo linaloandamana tu na ugonjwa. Mpaka leo dalili 18 zinazohesabiwa hazina hata moja inayohusu hasira, aibu au machozi. Hata hivyo Philip Shaw na wenzake, walipopitia ushahidi mwaka 2014, walikadiria kwamba kati ya asilimia 25 na 45 ya watoto wenye ADHD hushindwa kudhibiti hisia kwa kiwango kinachovuruga maisha yao, na kati ya watu wazima idadi ni kubwa zaidi. Mzazi angekuwa ameyasema haya zamani. Yeye hampeleki mwanawe kwa daktari kwa sababu amesahau daftari. Humpeleka kwa sababu amepigana tena.

Shaw huyohuyo ndiye aliyeongoza utafiti wa mwaka 2007 uliopima unene wa gamba la ubongo. Kwa watoto wasio na ADHD, nusu ya sehemu zilizopimwa zilikuwa zimefikia kilele cha unene wakiwa na miaka 7.5; kwa wenye ADHD, kiwango hicho kilifikiwa wakiwa na miaka 10.5. Mpangilio wa ukuaji ulikuwa uleule, ila ulichelewa, na uchelewaji ulikuwa mkubwa zaidi katika sehemu za mbele zinazohusika na kujizuia. Picha hizi hazituruhusu kusema kwamba mtoto wa miaka kumi ana moyo wa mtoto wa miaka saba. Zinaturuhusu kusema jambo dogo ambalo kwa mlezi lina uzito: mara nyingi mtoto tunayedhani amekataa hajafikia bado kuweza.

Tutazame darasa la madrasa jinsi lilivyo kila alasiri. Watoto wamekaa mkekani, juzuu mapajani. Zamu ni ya mwenzake, lakini yeye ameshadakia aya na kuisoma kwa sauti, tena kwa usahihi. Ustadhi anamnyamazisha. Anatulia kidogo, kisha kidole chake kinaanza kuchokoa ukindu wa mkeka. Jirani anamsukuma kwa kiwiko. Anainuka kwa ghadhabu, na juzuu inaanguka. Darasa zima limeona juzuu ikianguka. Kile kiwiko hakuna aliyekiona. Likitokea mara ya tatu, wenzake watakuwa wameshaacha kungoja sababu. Watamwangalia yeye kwanza kila kelele itakapotokea, hata akiwa amekaa kimya.

Hapo ndipo utafiti wa Betsy Hoza na wenzake wa mwaka 2005 unapotugusa. Waliwauliza watoto wenyewe darasani ni nani wanayependa kucheza naye na ni nani wasiyempenda. Kati ya watoto wenye ADHD waliotoka katika jaribio kubwa la tiba la Marekani, asilimia 52 waliangukia kundi la wanaokataliwa, na wasiofika hata asilimia moja ndio waliokuwa miongoni mwa wanaopendwa sana. Jaribio hilo lilikuwa limetoa dawa na mafunzo ya tabia kwa miezi 14. Utulivu uliongezeka, lakini nafasi ya mtoto mbele ya wenzake ilibadilika kidogo mno.

Wengi wamejaribu kumfundisha mtoto stadi za kijamii: namna ya kungoja zamu, kusoma uso wa mwenzake, kuomba radhi. Ni wazo lenye mantiki, nami ningependa lifanikiwe. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2019, yaliyokusanya majaribio 25, hayakupata faida ya maana. Kwa maoni yangu mtoto anaweza kulijibu sawasawa swali la namna ya kungoja zamu akiwa chumbani na mtaalamu. Hukosa nafasi ya kulitumia jibu hilo mchangani, mahali ambapo wenzake wameshamhukumu. Mtafiti Amori Mikami alianza upande wa pili. Katika mpango wake, walimu walimsifu mtoto mbele ya wenzake kwa jambo mahususi alilolifanya vizuri, walimrekebisha faraghani, na waliwafunza wanafunzi wengine kumkaribisha. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha wenye ADHD wakipendwa zaidi na kupata marafiki zaidi kuliko walipokuwa katika mpango wa kawaida wa kudhibiti tabia. Utafiti ulikuwa mdogo, na wavulana ndio walionufaika zaidi.

Kuhusu wasichana, lazima nitue hapa. Msichana mwenye ADHD mara nyingi hapigani. Amekaa nyuma, macho dirishani, na anaitwa mvivu au mwenye ndoto. Stephen Hinshaw na wenzake waliwafuatilia wasichana kwa muda wa miaka kumi, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Kati ya wale waliokuwa na dalili za kutotulia pamoja na kukosa umakini, asilimia 22 walikuwa wamejaribu kujiua. Kati ya wenzao wasio na ADHD walikuwa asilimia 6. Utafiti wowote utakaofanyika Nyamirambo ukamfuata tu yule anayerusha mawe, utamwacha msichana huyu alipo.

Rwanda ina sababu yake ya kuwa mwangalifu zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya akili wa mwaka 2018 ulikuta tatizo la akili kwa takriban mtu mmoja kati ya watano, na kwa zaidi ya nusu ya manusura wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Uchunguzi huo uliwahoji watu wa kuanzia miaka 14, kwa hiyo umri ambao ADHD hutambulika ulibaki nje. Tena mtoto anayelelewa na mzazi mwenye jeraha la moyo anaweza naye kukosa usingizi, kushtuka ovyo na kushindwa kutulia darasani. Kwa nje hali hizi mbili zinafanana. Mchunguzi makini atauliza mambo yalianza lini, kama yanaonekana nyumbani na shuleni pia, na kama kuna kitu kinachoyachochea. Ataongeza swali la lugha. Mtoto aliyekulia katika Kinyarwanda na Kiswahili, kisha akafundishwa kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza kama ilivyoamuliwa mwaka 2019, anaweza kuangalia dirishani kwa sababu hajaelewa alichoambiwa. Dodoso la nguvu na matatizo ya mtoto lipo kwa Kiswahili na limetumika Kenya. Nyamirambo, ambako Kiswahili ni lugha ya msikiti na ya duka, ni mahali pa kulijaribu sambamba na la Kinyarwanda, ili ionekane kama mama mmoja anatoa jibu lilelile katika lugha zote mbili.

Dawa nayo haiko karibu. Shirika la Afya Duniani lilikataa kuingiza methylphenidate katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena mwaka 2021. Ninaunga mkono ipatikane kwa anayeihitaji, chini ya daktari. Lakini kuahirisha kila kitu mpaka dawa ije ni kumwacha mtoto wa leo amalize utoto wake peke yake.

Rwanda inajua kufanya kazi nyumba kwa nyumba. Mradi wa Sugira Muryango, ulioongozwa na Theresa Betancourt wa Boston College, ulijaribiwa kwa familia 1,049 maskini katika wilaya za Nyanza, Ngoma na Rubavu. Wafanyakazi wa jamii waliwatembelea wazazi wa watoto wadogo na kuwafunza michezo na malezi yasiyo ya kipigo. Ukali ulipungua, na akina baba wakajihusisha zaidi. Baadaye kazi hiyo ilihamia kwa Inshuti z'Umuryango, wale wanaojitolea katika kila kijiji. Wanaweza kufunzwa pia kuhusu mtoto wa miaka minane. Mazungumzo ya kuanzia yana pa kufanyika: umugoroba w'umuryango, ambako majirani hukutana kujadili malezi. Ustadhi, kocha na mwalimu wakiitwa katika kikao kimoja, wataona kwamba wote watatu wanamzungumzia mtoto yuleyule.

Utafiti ninaoupendekeza utumie kipimo cha Hoza kabla ya vyote, kwa sehemu ya swali isiyoumiza: kila mtoto ataje, kwa siri, anaotaka kucheza nao. Iulizwe shuleni, madrasa na mchangani, mwanzoni mwa mwaka na mwishoni, huku watu wazima wa upande mmoja wamefunzwa njia ya Mikami na wa upande mwingine wakisubiri zamu yao. Wasichana wahesabiwe peke yao. Alama za mtihani na dodoso la utulivu vichukuliwe pia, lakini mradi usiitwe umefaulu iwapo mtoto ametulia na bado hakuna aliyemtaja.