Abdulrazak Gurnah na Tuzo Kubwa za Fasihi, 1994–2021

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1964, na kwa muda mrefu alikuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent. Riwaya zake tatu za mwanzo, zilizotoka kati ya 1987 na 1990, hazikuingia katika mashindano makubwa. Historia yake na tuzo inaanza na riwaya ya nne, Paradise.

Mwaka 1994 Paradise iliingia katika orodha fupi ya Tuzo ya Booker. Ni kisa cha Yusuf, mtoto anayetolewa na babake kwa tajiri Aziz ili kulipa deni, yaani anawekwa rehani, kisha anafuata msafara wa biashara hadi bara kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Tuzo ilikwenda kwa James Kelman, mwandishi wa Glasgow, na mmoja wa waamuzi akaupinga uamuzi huo hadharani. Mjadala wote uliofuata ulihusu lugha ya Kelman, iwapo Kiingereza cha mitaani cha Waskoti kinastahili heshima hiyo. Katika kelele hizo, riwaya iliyopenyeza maneno ya Kiswahili ndani ya Kiingereza bila kuyafafanua ilipita kimyakimya. Pengine hilo ndilo lililokuwa jambo kubwa zaidi la lugha mwaka ule.

Kilichofuata ni miaka mingi ya kukaribia bila kufika. By the Sea, habari ya mzee Saleh Omar anayewasili uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi, iliingia katika orodha ndefu ya Booker mwaka 2001. Tafsiri yake ya Kifaransa ilipata tuzo ya redio RFI mwaka 2007. Desertion (2005) iliorodheshwa kuwania Tuzo ya Waandishi wa Jumuiya ya Madola. Mwaka 2016 Gurnah alikaa upande wa pili wa meza: alikuwa miongoni mwa waamuzi watano wa Booker, tuzo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuishinda.

Afterlives (2020), inayorejea askari wa Schutztruppe na maisha ya pwani chini ya Wajerumani, iliorodheshwa kuwania Tuzo ya Orwell mwaka 2021. Haikushinda. Miezi michache baadaye, tarehe 7 Oktoba, Akademia ya Uswidi ilimtangaza Gurnah kuwa mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi, ikitaja jinsi alivyozamia athari za ukoloni na hatima ya mkimbizi. Nobeli haitangazi orodha fupi. Majina ya waliopendekezwa hufichwa kwa miaka 50. Aidha, hutolewa kwa kazi nzima ya mwandishi na si kwa kitabu kimoja cha mwaka mmoja. Kwa mwandishi ambaye vitabu vyake hujibizana, kama Paradise inavyojibiwa na Afterlives baada ya miaka 26, kipimo hicho kilimfaa kuliko mashindano ya kila mwaka.

Nyumbani, ushindi huo ulizua maswali ambayo London haikuyauliza. Marais Samia Suluhu Hassan na Hussein Mwinyi walimpongeza, lakini papo hapo mjadala wa uraia pacha ukaibuka upya: Je, nchi isiyoutambua uraia huo ina haki gani ya kujivunia raia wa Uingereza? Wasomaji wengi wa Kiswahili, kwa upande wao, walikuwa hawajapata kumsoma. Hapakuwa na riwaya yake hata moja iliyotafsiriwa na kuchapishwa kwa Kiswahili, ilhali Booker ilikuwa imemtambua tangu 1994. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilitolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Humo Yusuf na Aziz wanazungumza lugha ambayo mwandishi aliisikia utotoni, na neno rehani linasimama bila ugeni wowote.