Mohammed Ahmed: Mtoto wa 1991 Aliyeipa Kanada Medali

Ukiwa mtu wa Mandera huhitaji kusimuliwa habari za mpaka. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilipoanguka, maelfu ya watu walivuka kuja huku kwetu, na kambi ya Ifo kule Dadaab ikafunguliwa mwaka huohuo. Leo nakuletea habari za mtoto mmoja wa kizazi kile.

Mohammed Ahmed alizaliwa Mogadishu tarehe 5 Januari 1991, wiki tatu tu kabla ya serikali kuanguka. Utoto wake ulipita hapa Kenya, kisha akiwa na miaka 11 hivi familia ikahamia St. Catharines, Kanada. Huko akashika riadha.

Sasa sikiliza vizuri. Vijana wengi tuna ule ugonjwa ambao Dadaab wanauita buufis, kutamani ng'ambo mpaka usingizi unakatika. Tunadhani ukishafika tu, shida zimekwisha. Je, kwa Ahmed zilikwisha? Olimpiki ya London 2012 alikuwa wa 18 katika mita 10,000. Rio 2016, mita 5,000, Paul Chelimo wa Marekani aliondolewa kwenye matokeo, Ahmed akapandishwa nafasi ya tatu. Haukupita muda, Chelimo akarudishwa, na Ahmed akabaki wa nne, mikono mitupu. Wewe ungefanya nini?

Yeye alirudi mazoezini. Doha 2019 akapata shaba ya dunia. Tarehe 6 Agosti 2021 kule Tokyo akamaliza kwa dakika 12:58.61, nyuma ya Joshua Cheptegei wa Uganda peke yake. Wa tatu alikuwa nani? Chelimo yuleyule, mzaliwa wa Kenya! Kanada haikuwahi kupata medali ya Olimpiki katika mita 5,000 kabla ya hiyo. Paris 2024 akawa wa nne tena, mara hii mita 10,000.

Piga hesabu: London hadi Tokyo ni miaka 9. Ng'ambo ilimpa nafasi, lakini kazi na subira zilikuwa zake.

Na nyinyi wazazi, msiseme michezo inaharibu masomo. Huyu alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin huku anakimbia. Mtoto akirudi jioni na vumbi la uwanjani, muulize kwanza amefanya kazi ya shule. Akiwa amefanya, mwache akimbie.