Jembe Lililotangulia Dhahabu

Mtu wa Nyarugusu akitaja "mawe", hakuna anayemuuliza ni mawe gani. Ni yale yanayopandishwa kwa kamba kutoka duarani, yaani shimoni, yakapelekwa karasha, yakasagwa, yakaoshwa, na mwisho yakamwachia mwenyewe pointi chache za dhahabu au deni. (Nyarugusu hii ni ya Geita, si kambi ya wakimbizi ya Kasulu yenye jina hilohilo.) Wajerumani waligundua dhahabu ya Geita mwaka 1898. Mgodi mkubwa wa enzi ya Mwingereza ulianza miaka ya 1930 ukafungwa 1966, na huu wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Historia ya dhahabu huku ni fupi hivyo. Kabla yake nchi hii ilisifika kwa chuma.

Ilikuwa nchi ya Uzinza, na mafundi wake walikuwa Walongo. Kiangazi kilipoingia walihamia porini, wakapiga kambi palipokuwa na mawe ya chuma na miti mizuri ya mkaa, wakajenga tanuru la udongo na kuvukuta mpaka jiwe likakubali kuyeyuka. Kilichotoka humo kilifuliwa, kikawa jembe. Jembe hilo lilibebwa vichwani hadi Usukuma na Unyamwezi, likabadilishwa kwa mifugo na nafaka, likatolewa mahari. Jina la mafundi likageuka jina la kazi: kwa Msukuma, balongo ni wahunzi. Kisha majembe ya Ulaya yakaja kwa meli na kwa reli, ya bei rahisi, na matanuru yakazimika.

Anayetaka kujua habari za Mlongo leo inampasa avuke ziwa aende upande wa Mwanza. Kwa miaka mingi safari hiyo ilikuwa ya kusubiri kivuko cha Busisi, foleni ya malori na ndizi za kuuziwa dirishani. Tangu 2025 lipo daraja la kilomita tatu hivi, Kigongo hadi Busisi. Ukiipita Mwanza mjini ukashika barabara ya Musoma, kilomita zisizofika ishirini na tano unafika Kisesa, na juu ya Kisesa kuna kilima cha mawe makubwa kiitwacho Bujora. Hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Wasukuma.

Aliyeyaanzisha hakuwa Msukuma. David Clement, padri wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, alitoka Quebec, Kanada. Wenyeji walimpa jina la Fumbuka, naye akalibeba mpaka kufa kwake. Miaka ya 1950, wakati Misa bado inasomwa kwa Kilatini na mapadri wengi wakiiona ngoma kuwa kazi ya shetani, yeye alikusanya wazee na waimbaji katika kamati ya utafiti, wakaandika mila na kutia lahani za Kisukuma katika nyimbo za kanisa. Kanisa lake lilijengwa la mviringo, kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma. Kusema kweli, alikuwa mmisionari kama wenzake, alitaka waumini. Ila alitambua kwamba Msukuma haendi mahali pasipo na ngoma.

Makumbusho yenyewe si jengo moja lenye korido. Ni mabanda yaliyotawanyika kilimani, kila banda na habari yake. Banda la ngoma za kitemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ngoma zilizomo zilikuwa sauti ya utawala mpaka serikali ilipofuta utemi mwaka 1963. Kuna nyumba ya mganga, kuna ya mhunzi, mwenye kazi ya Mlongo. Kuna pia pipa kubwa la kuzungushwa kwa mkono linaloonyesha namna mbalimbali za Wasukuma za kuhesabu moja hadi kumi, maana hesabu ya watoto wachungaji si lazima iwe hesabu ya wazee. Mgeni huenda huko kutazama ngoma, akajikuta amesimama robo saa kwenye pipa.

Banda lililo na uhai kuliko yote, hata hivyo, ni la vyama vya ngoma. Wasukuma wamegawanyika katika Bagika na Bagalu, na mgawanyiko huo hauna uhusiano na ukoo wala dini. Ulianza karne ya 19 kwa waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa na kwa uchezaji. Wafuasi wao wamerithi ushindani huo mpaka leo. Kanuni yake ni ya kikatili na ya haki: makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na watu wako huru kuhama. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Hakuna jopo la waamuzi wala alama za karatasi. Ndiyo sababu manju, kiongozi wa ngoma, hakuweza kutegemea sauti peke yake. Alitafuta dawa ya mvuto, akaleta sanamu za mbao zenye viungo vinavyocheza, akaleta chatu.

Chatu ni wa Bayeye, chama cha mabingwa wa nyoka. Banunguli, chama kingine, walikuwa wawindaji wa nungunungu, mharibifu wa mashamba. Waliingia kwa tumbo ndani ya mashimo yake, gizani, na ngoma yao inasimulia kazi hiyo. Mchimbaji wa Nyarugusu anayeteremka kati ya matimba, magogo ya kuegemeza shimo, akiwa na tochi kichwani angeielewa bila kufasiriwa.

Msimu wa mashindano haya yote ni baada ya mavuno. Clement alilijua hilo, akayapandikiza mashindano kwenye sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Mei au Juni, wakati maghala yamejaa na mikono haina kazi. Wasukuma wakaiita Bulabo, maua, kwa sababu ya maua ya maandamano ya Ekaristi. Asubuhi ni ibada. Baadaye uwanja unakabidhiwa Bagika na Bagalu, na padri naye huwa mtazamaji kama wengine.

Ngoma ambayo mtu wa Geita ataitambua kwanza ni bugobogobo. Ni ngoma ya kulima: vijana kwenye mstari, majembe mikononi, migongo inainama na kuinuka kwa mdundo mmoja, kisha jembe linarushwa juu na kudakwa bila mchezaji kupoteza hatua. Jembe linalorushwa siku hizi ni la kiwandani, limenunuliwa dukani. La Mlongo limebaki la kutazamwa tu.