Mfyatua Matofali Barazani: George Edwards na Serikali za Mitaa za Norfolk, Uingereza

George Edwards alizaliwa mwaka 1850 katika kijiji cha Marsham, Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kibarua wa shamba, mama yake mfumaji. Mwaka 1855, Vita vya Krimea vilipokuwa vimepandisha bei ya mkate, baba alikamatwa akirudi nyumbani na tanipu chache za mwajiri wake, akafungwa. Mama na watoto wakaingia nyumba ya maskini ya Aylsham, ambako chakula kilipatikana kwa sharti la kuishi ndani. Akiwa na miaka sita, Edwards alianza kuamia kunguru kwa ujira wa shilingi moja kwa wiki ya siku saba.

Shule hakuipata. Baadaye alijifunza ufyatuaji wa matofali, na mkewe Charlotte, aliyemwoa mwaka 1872, ndiye aliyemfundisha kusoma ili aweze kuhubiri katika makanisa ya Kimethodisti. Ni rahisi kuyasoma maisha haya kama hadithi ya juhudi za mtu mmoja. Usomaji huo hautoshi, kwa kuwa kabla ya mwaka 1894 juhudi zake zisingemfikisha kwenye bodi ya wasimamizi wa maskini. Katika uchaguzi wa bodi hizo, mwenye mali nyingi aliweza kupiga hadi kura kumi na mbili, na mahakimu wa amani waliingia kwa wadhifa wao bila kuchaguliwa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1894 ilifuta mambo hayo mawili, ikaondoa sharti la mali kwa wagombea, na kuunda mabaraza ya vijiji na ya wilaya.

Edwards alichaguliwa katika wilaya ya Erpingham, na diwani wa wilaya ya vijijini alikuwa kwa wadhifa huo mjumbe wa bodi ya maskini. Bodi hii haikuwa ile ya Aylsham, lakini iliendesha sheria ileile iliyomfungia yeye utotoni. Swali lililokuwa mezani lilikuwa la kila wiki: je, mjane au mzee apewe fedha na unga nyumbani kwake, au aambiwe aingie ndani? Edwards alitetea msaada wa nyumbani. Ikumbukwe kwamba udiwani haukuwa na mshahara. Kwa mfanyakazi wa mikono, siku ya kikao ilikuwa siku isiyo na ujira.

Mwaka 1906 alichaguliwa katika baraza la jimbo la Norfolk, mwaka uleule alioanzisha chama kipya cha vibarua wa mashamba, na mwaka 1920 akaingia bungeni. Tawasifu yake ya mwaka 1922 ni chanzo muhimu, ingawa iliandikwa na mwanasiasa aliyekuwa bado ulingoni na yafaa isomwe hivyo. Bodi za wasimamizi wa maskini zilivunjwa mwaka 1930. Mwaka huohuo Edwards alipewa cheo cha Sir, miaka mitatu kabla ya kufariki.